Wifi anataka chupa zenye majina, uani kuna watoto wasio kwenye orodha

Shangazi, shikamoo.

Naomba unisaidie kabla sijakosana na mtu. Mwanangu wa kwanza, Idrisa, anatimiza miaka 7 mwisho wa mwezi huu na tumepanga kumfanyia sherehe ndogo Jumamosi ya wiki ijayo mchana hapahapa nyumbani, Tabata. Si ya ukumbi. Pilau, soda, keki, muziki kidogo, watoto wacheze, jioni kila mtu aende kwao.

Balaa limeanzia kwenye zile zawadi wanazopewa watoto wakati wa kuondoka. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anakaa Mbezi Beach, na huko kwenye sherehe za wenzake siku hizi kila mtoto anaondoka na kitu chenye jina lake. Alinitumia picha za chupa za maji, nzuri kweli, zimechapishwa jina kamili la mtoto, darasa lake na picha yake. Nikavutiwa. Idrisa naye akaziona kwenye simu, basi tangu siku hiyo hakuna wimbo mwingine humu ndani. Nikampa mchapaji kazi ya chupa 20 kwa ajili ya wenzake wa darasani tuliowaalika, moja shilingi 10,000, nikalipa kianzio laki moja. Sasa anataka orodha ya majina na picha kufikia Ijumaa hii ndiyo aanze kazi.

Hapo ndipo nilipokwama. Nyumba yetu ni ya kupanga, wapangaji sita uwanja mmoja. Watoto wa uani peke yao ni 14, bado wa nyumba ya jirani ambao ndio wanaocheza na Idrisa kila jioni. Hawana kadi, lakini nani atawazuia na geti lenyewe ni moja? Nikisema wote watengenezewe chupa, hela hiyo sina. Nikigawa chupa 20 mbele ya macho yao, nitaishi na mama zao mpaka kodi iishe, na iliyobaki ni miezi minne.

Mume wangu anasema nikadai hela zangu, mtoto ale ashibe aende kwao, mambo ya chupa ya nini. Mama mkwe yuko Tanga, yeye kashauri tuongeze nyama kwenye pilau basi. Wifi kwa upande wake ameshatangaza kwenye grupu la ukoo kwamba mwaka huu shughuli ni ya kisasa. Na mchapaji kasema kianzio hakirudi.

Juu ya hayo, mwalimu amenipa majina kama yalivyo kwenye rejista, Idrisa akiyasikia anasema wengine hawajui ni nani.

Nifanyeje, Shangazi? Kama si chupa, niweke nini? Na mwalimu wa darasa naye apewe?

Mama Idrisa, Tabata

*

Marahaba, Mama Idrisa.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu amesema jambo ambalo wengi tunalikubali kisha tunalipita. Pilau likitosha, sherehe ya mtoto wa miaka 7 imeshafanikiwa. Ila mgeni kuondoka na kitu mkononi si ugeni wa Mbezi Beach. Pwani mtu hatoki maulidini bila halua, na kwenye komunio ya kwanza watoto wengi hurudi nyumbani na kijikadi cha sala au rozari. Mumeo akisema hayo mambo hayakuwepo, mkumbushe hayo mawili halafu mwache. Kipya hapa ni jina la mgeni lililochapwa wiki nzima kabla mgeni hajafika.

Na shida yako yote iko hapohapo. Kitu chenye jina kina mtu mmoja tu. Hakigawiki, hakibadilishwi. Aliyealikwa akiugua asubuhi ya Jumamosi, chupa yake inabaki kabatini na huwezi kumpa mwingine, hata awe amekaa mbele yako anaiangalia. Ukumbini, ambako mlinzi anasimama mlangoni na orodha, mpango huo unakwenda. Kwenye uwanja wa wapangaji sita hauendi, na kuongeza chupa tano au sita za akiba hakusaidii, maana utaandika jina la nani?

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: jina liandikwe mwisho, siku yenyewe, mtoto akiwa amesimama pale. Andaa vitu vinavyofanana, vyenye nafasi tupu ya jina, na utengeneze zaidi ya hesabu yako. Atakayeingia getini, mwenye kadi na asiye na kadi, ataandika jina lake au ataandikiwa.

Sasa twende kwenye hela. Mchapaji ana laki yako moja na hajachapa kitu. Usiende kwake na vita ya kurudishiwa, hutashinda na utapoteza siku. Nenda ukabadilishe kazi. Mwambie laki hiyo ibaki kwake, ila badala ya chupa unataka achape mchoro mmoja kwenye vipande 42 vya kitambaa. Laki moja ukiigawa kwa vipande hivyo ni kama shilingi 2,400 kwa kipande. Mwambie bei uliyonayo ni hiyo. Mchoro mmoja unaojirudia ni kazi nyepesi kuliko majina 20 tofauti na picha 20 za kusafishwa, naye analijua hilo. Akikwambia chupa za kazi yako ameshazinunua, muulize kama zimeandikwa kitu. Chupa tupu atamuuzia mteja mwingine.

Mchoro auchore Idrisa mwenyewe. Mpe karatasi nyeupe na kalamu nyeusi yenye wino mzito, achore anachopenda. Akichora basi la mwendokasi lenye magurudumu matano, usimsahihishe. Piga picha mchana dirishani, karatasi ikiwa imelala bapa, kivuli chako kisiingie, umtumie mchapaji. Chini yake paandikwe "Kwa Idrisa, miaka 7" na mwaka, kisha pabaki nafasi tupu ya vidole vinne. Huo ndio upekee wa zawadi unaotakiwa. Mtoto akiiona miaka ijayo atakumbuka ilikuwa sherehe ya nani.

Hapa kuna jambo la ufundi ambalo mchapaji wa chupa anaweza asikuambie. Njia inayotumika sana kwenye vikombe na chupa, ya kuhamisha rangi kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, inashika kwenye chombo kilichopakwa dawa yake au kwenye poliesta. Pamba tupu haiikubali. Rangi inatoka imepauka, ukifua mara ya kwanza nusu imekwenda na maji. Kwa pamba, mwambie achape kwenye filamu kisha aikandamize kwa mashine ya joto, kama wanavyofanya kwenye fulana. Akupe sampuli moja kwanza, uifue nyumbani na sabuni ya kawaida, uianike, ndipo aendelee na zilizobaki.

Kitambaa nunua mwenyewe, usimwachie yeye. Pamba nyeupe ya kawaida yenye upana wa sentimita 150 inatosha. Kila mfuko unakula kipande cha sentimita 25 kwa 60, ukikunja katikati na kupindua mdomo unapata kifuko cha kamba kinachoingia daftari. Kwenye upana huo unapata vipande sita kwa mstari, mistari saba ni mita 4 na sentimita 20. Nunua mita nne na nusu, makato hayakosekani. Vikatwe kwanza, vichapwe vikiwa bapa, ndipo viende kwa fundi cherehani. Ukishona kwanza, mchapaji atakandamiza juu ya mshono na mchoro utatoka na mistari. Fundi wa mtaani mpe kazi yote kwa pamoja na mpatane kwa jumla, si kwa mfuko mmoja mmoja. Na usijaribu kurahisisha kwa kufunga zawadi kwenye rambo. Zilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na kwa vyovyote hazipendezi.

Kwa hesabu yako ulikuwa na laki mbili. Moja iko kwa mchapaji. Ya pili ndiyo ya kitambaa, kushona, utepe wa kufungia na vya kuweka ndani. Haitakuwa nyingi, lakini kwa watoto wa miaka 7 haihitajiki nyingi.

Siku yenyewe weka meza karibu na geti. Juu yake mifuko, na makapeni nne au tano za wino usiofutika. Mtoto akifika anachukua mfuko wake, anaandika jina kwenye ile nafasi na anaongeza urembo anaotaka. Hii itakusaidia kwa jambo lingine ambalo hukuniandikia ila nalijua: umealika saa nane, wa kwanza watafika saa nane na nusu, wa mwisho saa kumi, na hao wa kwanza ndio watakaokuingilia jikoni kama hawana shughuli. Wadogo wasiojua kuandika waandikiwe na dada wa uani wa darasa la sita au la saba. Mchague leo, mpe cheo, atakuja amevaa vizuri. Ndani ya kila mfuko weka kipande cha gazeti wakati wa kuandika ili wino usipenye upande wa pili. Mifuko ikusanywe mezani, uijaze watoto wakiwa wanakula, wapewe wakati wa kuaga.

Na hapo suala la rejista limekwisha lenyewe. Ungechapa kwa majina ya mwalimu, ungekuta umemwandikia Hadija mtoto anayejiandika Khadija, Fatuma kumbe Fatma, Salimu kumbe Salim, na Emmanueli ambaye tangu azaliwe hajaitwa jina lingine zaidi ya Ima. Mapacha kwenye rejista wana majina ya ubatizo lakini dunia nzima inawaita Kulwa na Doto. Mtoto anayeandika jina lake mwenyewe hakosei, na akikosea ni lake.

Jambo moja kwenye zile chupa za wifi lilinikera, na hapa sitazunguka. Jina kamili, darasa na picha ya mtoto kwenye chombo anachobeba barabarani kila siku ni taarifa nyingi mno. Mtu asiyemjua anaweza kumwita kwa jina lake, akamtajia na darasa, na mtoto wa miaka 7 akiitwa kwa jina anaamini anaitwa na mtu wa kwao. Jina la kwanza peke yake linatosha. Mzazi akitaka ukoo na namba ya simu, aandike ndani ya mshono au chini ya kitako cha chupa. Picha ndiyo kabisa. Hizo picha 20 ungezipata wapi? Kwa mwalimu? Wazazi wa watoto hao hawajakupa ruhusa, na wengine watakasirika kukuta sura ya mtoto wao imepita kwenye simu ya mchapaji wasiyemjua.

Vya kuweka ndani. Nimeona mifuko mingi ya sherehe za watoto, na karibu yote ina kosa moja: vitu kumi vya ovyo ambavyo vinakatika kabla daladala haijafika. Weka viwili vya kuchezea na kimoja cha kula, basi. Kalamu za rangi za bei nafuu zinafaa wote. Gololi tano tano kwa wakubwa, au kamba ya kuruka. Firimbi usithubutu, mama zao hawatakusamehe, na wa uani utazisikia mwenyewe kuanzia alfajiri ya Jumapili.

Kitu kimoja ninachokipenda ambacho ni karibu na bure: mbegu za mchicha, kijiko kidogo zimekunjwa kwenye karatasi. Watoto wa umri huo wanapenda kuona kitu kinaota, na mchicha hauwachoshi kwa kusubiri. Kwenye kopo la udongo linalomwagiwa maji unachomoza ndani ya siku chache, na baada ya wiki tatu au nne unachumwa. Kwenye nyumba ya kupanga isiyo na bustani, kopo la blubendi linatosha.

Kwenye vya kula, bisi za nyumbani ni salama kwa wengi wa umri huo ila si kwa wachanga, visheti vinakaa vizuri bila kuharibika, na kashata za nazi zinapendwa. Kashata za karanga ziache, kwa sababu wapo watoto ambao karanga inawavimbisha midomo na kuwabana kifua, na kwenye kundi la arobaini huwezi kuwajua wote. Ubuyu ni mtamu, lakini ile rangi nyekundu na nguo za sherehe havipatani, wewe amua. Pipi laini za kutafuna kama mpira soma karatasi yake kwanza. Nyingi zina jelatini, na isipoelezwa imetokana na nini, wazazi Waislamu watakuuliza na hutakuwa na jibu.

Halafu kuna wadogo. Kila mtoto wa miaka 7 atakuja na mdogo wake wa miaka miwili mgongoni mwa dada. Kipimo rahisi ni lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya chooni ikiisha: kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Gololi inapita. Kwa hiyo tenga mifuko kama minane, ifungwe utepe wa rangi tofauti, isiwe na gololi, bisi wala mpira mdogo. Puto lililopasuka liokotwe papo hapo, vipande vyake vinanata kooni. Na zile pete na saa zinazowaka taa, zinazouzwa kwa bei ya kutupa Kariakoo, usizinunue kabisa. Ndani yake mna kibetri kama kitufe cha shati, na mtoto akikimeza kinaweza kuunguza koromeo ndani ya saa mbili. Akimeza ni hospitali mara moja, hata kama anacheka na kucheza.

Sasa wifi. Usimwandikie kwenye grupu. Ameshajitangaza mbele ya ukoo, ukimpinga hapo itabidi ajitetee hapohapo, na mama mkwe anasoma. Mume wako ampigie, ni mdogo wake, na ajue kabisa cha kusema kabla hajapiga: kwamba picha zake ndizo zilizowapa wazo, kwamba wazo limekua hadi kumfikia kila mtoto, na kwamba ile meza ya majina inamhitaji yeye. Hapo simwongopei mtu. Anayejua kupanga vitu vikapendeza ni yeye, na makapeni mikononi mwa watoto 40 zinataka mtu mzima mwenye macho. Akisisitiza kwamba lazima kuwe na chupa, mshukuru na umwambie anunue za watoto wote, wa darasani na wa uani. Naamini mazungumzo yataishia hapo.

Idrisa mwenyewe atengenezewe chupa yake moja. Amekuwa akiiimba, na siku ni yake. Mpe baba yake amkabidhi asubuhi kabla wageni hawajaja, isionekane mezani.

Mama za uani usiwaache wakaja kama wageni. Wape taarifa mapema, kila mmoja mlangoni kwake, kwa mdomo: Jumamosi ni siku ya Idrisa, watoto wote wapo, na mimi nahitaji sufuria kubwa, mbuzi ya nazi na mtu wa kunisaidia kukatakata kachumbari. Mwenye sufuria yake kwenye shughuli hakai pembeni kuhesabu nani kapewa nini.

Kuhusu mwalimu: apelekewe kipande cha keki Jumatatu, kimefungwa vizuri, na mfuko mmoja kama wa watoto. Zaidi ya hapo usiongeze, zawadi kubwa itampa tabu mbele ya wenzake. Na kama darasa lina watoto zaidi ya hao 20, kadi zisigawiwe darasani wala mifuko isipelekwe shuleni baada ya sherehe. Wape wazazi wanapokuja kuchukua watoto, au uwapigie.

Ijumaa ni karibu. Kesho nenda kwa mchapaji na mchoro mkononi.

Shangazi